Mama Mashine na Sikio la Kushoto

Mama mkwe wangu watu wanamwita Mama Mashine. Wenye mashine za kusaga wako wengi, lakini yeye peke yake ndiye aliyepewa jina la mashine yake, kwa sababu wenzake huziangalia zao na yeye yake huisikiliza. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye kigoda kimoja, mashine kushoto kwake, mlango kulia. Mahindi makavu hulia kama changarawe juu ya bati, yenye unyevu huguna. Chekeche, lile bati la matundu linalopitisha unga, likichanika hata kidogo, Mama huinua kidole kabla mteja hajaziona chenga kwenye ndoo yake. "Zima," husema. Wanazima, wanafungua, na kweli bati limechanika.

Mimi ni mke wa mwanawe wa pili, dereva wa lori, ambaye nyumbani huja kama mgeni na kuondoka kama mwizi. Kwa hiyo miaka mitatu nimeishi na Mama zaidi kuliko nilivyoishi na mume. Habari za sikio lake zimesimuliwa sana mtaani kwetu, na wanaozisimulia zaidi ni wale waliozielewa kidogo kuliko wote. Acha na mimi niseme nilichokiona.

Siku ile alikuwa anampandishia mwalimu mmoja gunia kwenye mzani. Mwalimu mwenyewe alisimama pembeni, mikono mfukoni, asije akachafua suruali. Mama akajikaza, akainua, akasikia paa! ndani ya kichwa kama kizibo cha soda, na upande wa kushoto ukazimika. Dunia ikamzunguka, akashika nguzo. Mwalimu akauliza, "Kilo ngapi?" Mama akamsomea kilo, akamsagia, akamfungia gunia. Jioni ndipo alipokuja kwangu akaniambia, "Mwanangu, hebu niite kutokea huku." Nikamwita. Akatikisa kichwa.

Kesho yake akaja mama mdogo, mdogo wake Mama wa kunyonya ziwa moja, ambaye ana dawa ya kila ugonjwa isipokuwa ule wa mdomo wake.

"Nta hiyo, dada! Nta tu! Imejaa vumbi la unga, imekuwa ngumu kama saruji."

Akapasha mafuta, akamimina. Siku ya tatu akamimina tena. Siku ya tano akasema mafuta yenyewe ndiyo mabaya, yanunuliwe mengine. Shemeji yangu mkubwa naye akatoa ushauri wake. Huyu tunamwita Meneja, kwa sababu aliwahi kukaa ofisi moja miezi kumi na moja, akarudi na kalamu kwenye mfuko wa shati na tabia ya kusema "kimsingi". Alisema, "Kimsingi, Mama, ni umri. Umezeeka, kubali." Mama ana miaka hamsini na mbili. Yule aliyezeeka kabla ya wakati ni Meneja, na kazi iliyomzeesha hatujaiona.

Siku ya sita nilimfunga mwanangu mgongoni nikampeleka Mama hospitali mimi mwenyewe.

Daktari wa masikio alikuwa mama mwembamba mwenye taa kwenye paji la uso. Alipoona yale mafuta hakuficha hasira. "Sikio likizimika ghafla unakuja siku ile ile. Ile ile! Nani alikwambia nta?" Mama akasema, "Ndugu." Daktari akasema, "Basi ndugu waje na wao niwachungulie kichwani."

Alimpa vidonge vya wiki moja, akampima ndani ya kichumba cha kimya wanachopimia masikio, vidonge havikusaidia. Ndipo akamfanyia upasuaji. Baadaye alitueleza kwa maneno ambayo hata mtoto angeelewa. Ndani ya sikio kuna kidirisha kidogo kuliko punje ya mtama. Alipojikaza kuinua gunia kilichanika, maji ya ndani yakawa yanavuja.

"Nimekitia kiraka," alisema.

"Kiraka cha nini?" Mama akauliza.

"Cha nyama yako mwenyewe. Nimeichukua nyuma ya sikio."

Mama akacheka. "Yaani hata humo ndani mimi ni wa viraka?"

"Na kucheka ni taratibu," akasema daktari. Kisha akanigeukia mimi, maana alishaona nani atakayekumbuka. Wiki sita. Asibebe kitu kizito kuliko sahani yake. Asiiname. Asipenge kamasi. Asijikamue chooni, ale papai. Alale kichwa juu ya mito miwili. Maji yasimguse sikioni. Na akipiga chafya, apige mdomo ukiwa wazi, asiizuie kabisa, maana chafya iliyozuiwa itakwenda kugonga kiraka.

"Litasikia?" nikauliza.

"Kiraka kikishika, huenda likarudi lote, huenda nusu, huenda lisirudi. Kikibanduka, hakuna tena huenda."

Mama hakuuliza habari za maumivu wala kovu. Aliuliza, "Kigodani nitarudi lini?" Hicho tu ndicho alichokitaka, tangu siku ile mpaka mwisho. Daktari akamwambia, "Kwanza wiki sita."

Tuliporudi nyumbani, kigodani palikuwa tayari pana mtu. Meneja alikitupa kigoda nje, akaweka kiti chenye mgongo. Masikioni alitia spika za simu, muziki juu, ili, kwa maneno yake, kelele zisimharibu kama zilivyomharibu Mama. Aliwaeleza wateja hivyo kwa sauti ya mtu aliyesomea. Kwa hiyo mashine iliyozoea kusikilizwa ikapata bwana anayesikiliza nyimbo.

Sasa nieleze walivyomfanya kiziwi.

Mama alifungwa bandeji kichwani kama kilemba, upande wa kushoto tu. Sikio la kulia lilikuwa zima, likisikia sindano ikianguka kwenye mkeka. Lakini watu wetu wakiona bandeji wanaona kichwa kizima kimekufa. Mama mdogo alikuja akapiga magoti kando ya kitanda na kupaza sauti ndani ya bandeji yenyewe: "DADA! UNAENDELEAJE!" Ni sawa na kubisha hodi kwenye ukuta wakati mlango uko wazi hapo pembeni.

"Nasikia, mdogo wangu, sema polepole."

"MASIKINI! HASIKII KABISA!"

Meneja yeye ni msomi, hakupiga kelele. Alinunua daftari la shule. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaandika kwa herufi kubwa: MAMA UMEKULA?

"Nimekula, mwanangu. Nasikia, sema tu kwa mdomo."

Meneja akamtazama kwa huruma, akafunua ukurasa mpya, akaandika: POLE.

Mara nne Mama aliwaambia anasikia kwa sikio la kulia. Mara nne wakamwitikia kwa kichwa, kama mtoto aliyesema ameona tembo uani. Baada ya hapo akanyamaza. Na wao, kwa kuwa kiziwi hajibu, wakaanza kuongea mbele yake kama wanavyoongea mbele ya kabati.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mama mdogo alisema siku moja, akacheka mpaka akafuta machozi. Yeye ndiye aliyelimiminia mafuta siku tano.

"Kimsingi," Meneja akajibu, "mashine na kiziwi haviendi. Ule mkanda unaozungusha mashine utamnyofoa mkono. Mimi nafikiria usalama wake. Wiki sita zikiisha tuitishe kikao, tumpumzishe."

"Umpumzishe, mwanangu. Ameshafanya sana. Na wewe una mikono ya kushika kitu."

Nilikuwa pale pale nakunja nepi. Mikono aliyoisifu mama mdogo haijawahi kukunja hata shati lake mwenyewe. Walipotoka nikamwambia Mama, "Mbona unawaacha?"

"Niliwaambia mara nne. Ya tano itakuwa kugombana, na daktari kasema nisijikaze."

"Lakini wanakuzika ukiwa hai."

"Watu hungoja wafe ndipo waagwe hivi, na hawasikii kitu. Mimi naagwa huku nakunywa chai. Niongezee sukari."

Ikaja siku ya chafya. Vumbi la unga lilipenya dirishani, na mama mdogo alikuwa amekaa mbele ya Mama kabisa, anasimulia ugonjwa wa mtu mwingine. Mama akafumba macho, akafungua mdomo wote, akapiga chafya moja iliyompeleka mama mdogo nusu hatua nyuma na kiti chake.

"Jamani! Usoni kwangu! Dada, umekuwaje?" Akanigeukia mimi. "Ugonjwa umeshapanda kichwani huo. Hata adabu imemtoka."

Meneja akachukua daftari lake haraka, akaandika: ZIBA MDOMO MAMA.

"Shemeji," nikasema, "daktari ndiye aliyeagiza hivyo. Akiizuia, kiraka kitabanduka."

"Daktari gani huyo anayefundisha watu wazima kurushia wenzao mate?"

"Yule uliyeshindwa kumpeleka Mama kwake."

Mimi si mtu wa kujibu wakubwa. Neno lilitoka lenyewe, na sikulirudisha. Meneja alikaa na kalamu hewani, kama anatafuta pa kuliandika. Mama aliangalia dari, midomo imebana, akicheka taratibu kama alivyoagizwa.

Nisidanganye lakini. Si kila kitu kilikuwa cha kuchekesha. Wiki ya nne bandeji ilipotoka, nilimlaza mtoto kitandani upande wa kushoto wa Mama, nikaenda kuanika nguo. Mtoto akalia. Nikachungulia dirishani, nikamwona Mama amegeuka kulia, anautazama mlango, anamtafuta mtoto mlangoni. Kisha akageuka nyuma. Kisha akasimama katikati ya chumba na mikono wazi, mtoto akilia umbali wa hatua moja.

Niliingia nikambeba. Mama akakaa.

"Namsikia," alisema. "Simjui tu alipo."

Tukajaribu. Alifumba macho, nikazunguka na kijiko na kikombe, nikigonga hapa na pale, na yeye akionyesha kwa kidole. Mara kumi nilizogonga, alipatia mbili. Aliyekuwa akijua ni kipande gani cha mashine kinacholia sasa haoni tofauti ya mlango na dirisha. Kwa hiyo Meneja alikuwa na ukweli kidogo kuhusu ule mkanda, na hakuna kitu kinachoudhi kama mjinga kuwa na ukweli kidogo.

"Usimwambie," Mama akanambia.

"Nani, Meneja? Hata nikimwambia, ana nyimbo masikioni."

Wiki ya sita daktari akampima tena ndani ya kile kichumba. Kiraka kimeshika. Sikio limerudi nusu. Mnong'ono halipati, sauti ya mtu linaipata, mwelekeo huenda ubongo ukajifunza upya na huenda usijifunze. Akamruhusu kurudi kazini kwa masharti: asibebe mzigo miezi mitatu mingine, na akiwa karibu na mashine avae vikinga-sikio, vile vikubwa kama bakuli mbili, pande zote mbili.

"Nikiziba nitaisikilizaje?" Mama akauliza.

"Hilo sijui. Mimi najua masikio, mashine sizijui."

Nilimpenda daktari yule kwa jibu hilo. Alikuwa mtu wa kwanza katika wiki sita kukiri kuna kitu asichokijua.

Kikao kilikuwa Jumamosi saa tisa mchana. Alikuwepo Meneja, mama mdogo, na baba mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe, ambaye hukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Mume wangu alikuwa safarini, kama kawaida yake mambo yakiwa magumu. Sebule yetu imepakana na chumba cha mashine, ukuta mmoja. Wateja watatu walikuwa wamebaki kule, kina mama na ndoo zao, na Meneja aliijaza mashine mahindi mpaka mdomoni, akaiacha ikinguruma peke yake, akaja kikaoni. "Inajua kazi," alisema. Miaka kumi na tisa Mama hakuwahi kuiacha ikisaga peke yake hata kwenda kunywa maji.

Meneja akasimama. Alikuwa na shati jeupe na daftari.

"Kimsingi, kwa mapenzi makubwa tuliyonayo kwa mama yetu, familia imeona..."

"Familia imeona," akaitikia mama mdogo.

"Ni kweli kabisa," akasema baba mdogo.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, vikinga-sikio vyake vimening'inia shingoni. Nilimwona anaweka kiganja ukutani, kimelala chote, kama mtu anayempima mtoto homa. Akainamisha kichwa kidogo, sikio zima likielekea ukuta. Meneja alikuwa amefika kwenye "umri wake unaoruhusu mapumziko" pale Mama aliposema, bila kupaza sauti:

"Zima mashine."

Meneja akatabasamu kwa wajumbe, akafunua daftari. Aliandika huku tunamngoja. Akaliinua: TULIA MAMA. TUNAKUJADILI.

"Nyundo moja inachechemea," Mama akasema. "Zima."

"Mnaona?" mama mdogo akasema. "Masikio yanamlilia yenyewe. Wanasemaga hivyo, mtu akiwa kiziwi anasikia ngoma."

Mama alishika mikono ya kiti ili ainuke. Nilijua akiinuka atakimbia, na akikimbia ataushika ule mkono wa chuma wa kuzimia injini kwa nguvu zake zote, na kile kidirisha kidogo kuliko punje ya mtama hakijui kikao wala familia. Akanitazama. Nilimweka mwanangu mapajani pa mama mdogo, nikatoka.

Mkono wa kuzimia sikuwahi kuugusa maisha yangu. Niliwapigia kelele wale kina mama, "Tokeni! Tokeni nje!" nikaushika kwa mikono miwili, nikauvuta. Injini ikakohoa, ikapungua. Na ilipopungua ndipo hata mimi nilipousikia: tak, tak, tak, kitu kinachogonga ndani ya tumbo la mashine, nje ya mpigo wa wenzake.

Wote wakaja mlangoni. Mama alikuja mwisho, mwendo wa polepole, akaniambia bolti zipi nilegeze. Tulifunua kifuniko. Ndani zimepangwa nyundo, vile vyuma bapa vinavyoponda mahindi, kila kimoja kwenye pini yake. Kimoja kilikuwa kinaning'inia. Pini yake imeliwa mpaka imekuwa nyembamba kama njiti ya kiberiti. Ingekatika, kile chuma kingepasua bati na kutoka usawa wa tumbo la mtu aliyesimama na ndoo. Mmoja wa wale kina mama alikuwa mjamzito. Akakitazama chuma, akakaa chini juu ya ndoo yake.

Ungedhani Meneja ataona haya.

"Ndiyo hiyo," alisema, akinyoosha kola. "Ndiyo maana mimi nikaitisha kikao. Mashine hii ni ya hatari."

"Kweli kabisa," akasema baba mdogo.

Mama akafuta mkono kwenye kanga. "Imelia siku ngapi hivi?"

"Mbona ilikuwa inalia kawaida tu."

"Kawaida ya nani? Pini haimalizwi kwa dakika moja. Wewe umekaa nayo hatua mbili na masikio mawili mazima. Mimi nimekaa nyuma ya ukuta na moja na nusu."

Hakuna aliyeandika chochote kwenye daftari.

"Nami nimewasikia wote," Mama akaendelea, "tangu siku ya kwanza, hasa mkiwa upande wa kulia. Sina kinyongo, sina nguvu za kinyongo, nimekatazwa kubeba vizito. Ila kikao kimekwisha. Jumatatu nakaa kazini."

"Na mkanda?" Meneja akauliza. Hapo alishika penyewe, na sijui kama alijua.

Mama akaugeukia mkanda. "Mkanda utatiwa kizuizi cha wavu. Mashine itakuwa kulia kwangu, na nitakaa nimeutazama mlango, maana sauti ya mlangoni siijui tena inatoka wapi. Mke wa mdogo wako atamwaga mahindi na kuzima nikimwambia. Ameshajua mkono wa kuzimia."

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Wiki mbili za kwanza alikosea mara nyingi. Huvaa vile vikinga-sikio, hutandaza kiganja kwenye mguu wa mashine, hufumba macho, na mara nyingine huinua kidole tunafungua hatuoni kitu, na yeye husema, "Haya, funga, nimedanganywa," bila aibu. Siku hizi hudanganywa mara chache. Upande wa kushoto bado. Mtu akimsalimia kutoka huko humtafuta angani, na wasiojua humwona anajivuna.

Mtaani utasikia mengine. Mama mdogo anasema sikio lilifunguliwa na mafuta yake, daktari alikuja kulimalizia tu. Meneja anasimulia kwamba aliigundua pini kwa uzoefu wake wa ofisini, na baba mdogo, akiwepo, huthibitisha. Wapo wanaoamini. Siku hizi sishangai.

Ila kuna jambo moja Meneja hana njia ya kulikwepa. Injini ya mashine huwashwa kwa kuzungusha hendeli, na hendeli ile inataka mtu wa kujikaza, kitu ambacho Mama amekatazwa, na mimi sina kifua cha kuizungusha. Kwa hiyo kila asubuhi saa mbili Meneja huja na shati lake jeupe, huinama, huzungusha mara tatu, mara nne, hutukana kimoyomoyo, mpaka moshi mweusi umpige usoni. Wateja wakimwona akijipangusa huwaambia yeye ndiye anayefungua ofisi.

"Asante, mwanangu," Mama humwambia, kidole chake kikiwa tayari kimeelekea njiani. "Sasa nipishe, unanizibia mlango."